Kazi za Mikono na Zawadi za Nyumbani katika Nchi ya Usukuma

Mara nyingi mtu akisikia neno historia, fikira zake huenda kwa watemi, vita, safari za wageni na amri za serikali. Hizo ni habari kubwa, nazo zastahili kusomwa. Lakini katika kila nyumba iko historia ndogo ambayo watu hawaitilii maanani, nayo ni habari ya vitu vinavyotengenezwa kwa mkono wa mwenye nyumba: kitafunio cha jioni, kikapu cha kumpelekea shangazi, kibuyu cha maziwa, mwanasesere wa mtoto, sabuni ya kufulia. Vitu hivi ni vya bei ndogo, na vingine havina bei kabisa. Kwa sababu hiyo wengi huvidharau. Hata hivyo, mtu akivifuata nyuma kwa muda wa miaka mia na sitini hivi katika nchi hii ya kusini ya Ziwa Viktoria, ataona jambo la ajabu. Vingine vilivyokuwa na sifa kubwa vimekufa, wala hapana ajuaye kuvitengeneza. Vingine vilivyokuwa duni vingali hai, navyo vimewaokoa watu katika siku za shida.

Sisi wa Mkuyuni twaishi mahali palipopewa jina la mti wa mkuyu, na leo pamekuwa sehemu ya jiji la Mwanza. Katika masoko ya jiji hili waweza kuona ndoo za plastiki na wanasesere kutoka China, na kando yake mama ameketi na fungu la michembe. Mbona michembe ingalipo, na nguo ya kufumwa kwa mkono haipo? Swali hili ndilo nitakalo kulichungua, maana jibu lake latuhusu sana sisi tulio na watoto.

Kwanza tutazame hali ya kale. Mwaka 1857 Waingereza wawili, Richard Burton na John Speke, walifika Kazeh, karibu na mahali ulipo mji wa Tabora leo. Mwaka uliofuata Speke alisafiri kuelekea kaskazini bila mwenzake, akapita Usukuma, na tarehe 3 Agosti 1858 akaliona ziwa karibu na Mwanza. Burton aliandika mambo mengi juu ya Unyamwezi, na miongoni mwake ni habari ya wafumaji. Aliwakuta watu wakifuma nguo nene za pamba kwa mitambo ya miti, na uzi wenyewe umesokotwa kwa mkono. Upande wa magharibi, katika Uzinza, walikuwako Warongo, mafundi wa chuma. Hao waliyayeyusha mawe yenye chuma kwa makaa na mivukuto, wakafua majembe. Majembe yao yaliletwa Usukuma, wakulima wakayanunua, nayo yalihesabiwa hata katika mahari. Chumvi nayo ilifuatwa mbali. Wanaume walikwenda kwa miguu siku nyingi mpaka Ziwa Eyasi, wakarudi na mizigo mabegani, na kijana aliyekwisha kwenda safari ile alipata heshima ya utu uzima.

Hizo zilikuwa kazi kubwa za nje. Ndani ya nyumba zilikuwako kazi ndogo ndogo. Vibuyu vilikatwa, vikasafishwa kwa moshi, vikawa vyombo vya maziwa. Maziwa yaliyoganda yalisukwasukwa, ikapatikana siagi, na siagi ikapikwa kuwa samli. Magome ya miti yalishonwa yakawa vilindo vya kuwekea nafaka. Mbegu za nyonyo zilikamuliwa mafuta ya kujipaka. Majani ya kunde yalichemshwa, yakaanikwa, yakawekwa kwa siku za kiangazi. Mboga hiyo huitwa nsansa mpaka leo. Watoto walifinyanga ng'ombe wa udongo, wakawachunga kivulini. Wakati ule watu hawakuziita kazi hizi ufundi, kwa maana hapakuwa na nyumba isiyokuwa nazo.

Sasa tutazame jinsi vitu vya dukani vilivyoingia. Wafanya biashara wa pwani walikuwa wamekwisha fika ukingo wa ziwa kabla ya Stanley kuwasili Kageye, mwezi wa Februari 1875. Walileta ushanga, waya za shaba na nguo za pamba. Nguo moja ilipendwa kupita zote, nayo ilitoka katika viwanda vya Marekani. Ndiyo sababu ikaitwa amerikani. Mapadre Weupe walianza misheni ya Bukumbi mwaka 1883, na wamisionari wa Kiingereza wakajenga Nassa mwaka 1888. Wadachi waliweka boma Mwanza mwaka 1892. Mwaka 1901 reli ya kutoka Mombasa ilifika ukingo wa ziwa mahali paitwapo Kisumu, na meli zikaanza kuleta bidhaa mpaka Mwanza kwa bei ambayo wapagazi hawakuweza kushindana nayo. Mwaka 1928 reli ya kutoka Tabora nayo ikafika hapa. Tangu hapo jembe la Ulaya, chumvi ya gunia, mche wa sabuni na shuka nyeupe vilipatikana katika duka la kila mji mdogo.

Wasomaji wajua yaliyofuata. Wafumaji waliacha mitambo yao. Tanuru za Warongo zilizimika. Katika nchi ya Wahaya, ng'ambo ya magharibi ya ziwa, ilipofika mwaka 1976 mtaalamu wa Kimarekani aitwaye Peter Schmidt aliwatafuta wazee waliopata kuyeyusha chuma katika ujana wao, akawaomba waifanye kazi ile tena ili iandikwe kabla haijapotea kabisa. Fikirini, ndugu zangu: kazi ambayo babu zetu waliifanya kwa muda wa karne nyingi, katika maisha ya mtu mmoja ikawa jambo la kutafutiwa wazee wenye kumbukumbu.

Na habari ya pamba ni ya kuhuzunisha zaidi. Baada ya Vita Kuu ya 1914 mpaka 1918 kilimo cha pamba kilienea Usukuma kuliko sehemu yo yote ya Tanganyika. Tulilima pamba, tukaichuma, tukaipima kwenye mizani, ikapakiwa, ikaenda zake. Kisha tukanunua nguo. Kiwanda kikubwa cha nguo hakikujengwa Mwanza mpaka miaka ya 1960. Kwa hiyo ulikuwako muda mrefu ambao mtu aliishi amezungukwa na pamba, na asiweze kujitengenezea hata kitambaa cha kufutia jasho. Wahindi katika nchi yao walipoona jambo kama hilo likiwapata, Gandhi aliwahimiza kusokota uzi nyumbani, na katika miaka ya 1920 gurudumu la kusokotea likawa alama ya kudai uhuru wao. Kwetu hakutokea mtu wa kusema hivyo, na mikono iliyojua ikafa na ujuzi wake.

Lakini tusiseme kwamba yote yaliyokufa yastahili kuliliwa. Hapana mtu mwenye akili atakayetamani kurudia safari ya siku nyingi kwa ajili ya mzigo mmoja wa chumvi. Wala hatuwezi kumlaumu mama aliyenunua sufuria kwa kuwa chungu chake kilipasuka mara kwa mara. Kitu kikiwa bora na bei yake nafuu, ni haki kukinunua. Swali letu si hilo. Swali ni kwa nini vitu vingine havikufa, ingawa duka lilikuwa karibu.

Chukueni mfano wa kiazi kitamu. Wengi hudhani michembe ni chakula cha asili kabisa, kilichoanza na watu wa kwanza wa nchi hii. Si hivyo. Kiazi kitamu asili yake ni Amerika, kama vile mahindi, mihogo na karanga, nacho kilifika Afrika baada ya Wareno kuanza kuvuka bahari. Basi bibi zetu walipokea mmea wa kigeni, wakaona kwamba viazi vikichimbwa huoza upesi, wakatafuta hila. Hila yao ilikuwa ya namna mbili. Ya kwanza ni kuvimenya viazi vibichi, kuviacha vinyauke, kisha kuvikata vipande na kuvianika; hiyo ndiyo michembe. Ya pili ni kuvichemsha kwanza, kuvimenya, kuvikata na kuvianika. Hayo ndiyo matobolwa. Mawe makubwa yaliyotapakaa katika nchi hii, ambayo wageni huyapiga picha, kwa bibi zetu yalikuwa ni majamvi ya kuanikia. Jua la kiangazi hulipasha jiwe moto, na kipande cha kiazi hukauka juu na chini kwa pamoja.

Kutokana na hayo twajifunza kwamba kitu cha nyumbani si lazima kiwe cha kale. Koroboi yetu, ile taa ndogo ya utambi, ilitengenezwa kwa kopo la bati lililoletwa na meli. Debe tunalopimia mahindi lilikuwa kwanza chombo cha mafuta ya taa. Makatambuga yalikatwa katika mipira ya magurudumu ya motokaa. Vitambaa vya kufuma kwa sindano, ambavyo wasichana walifundishwa katika shule za misheni, vilikuwa kazi ngeni kwa nyanya zao. Mpaka leo huonekana juu ya viti vya sebuleni, navyo hutolewa kwa bibi arusi kana kwamba vilikuwako tangu zamani. Werevu wa nyumbani ni kukipokea kitu, kikiwa cha kigeni au cha kwetu, na kukitia kazini.

Sasa nitasema sababu ninayoiona mimi, na msomaji aipime. Kitu cha nyumbani kilidumu mahali ambapo mwenye kukitengeneza ndiye aliyekitoa kwa mkono wake mwenyewe kumpa mwingine. Michembe haikuwa chakula cha akiba tu. Ilikuwa ni kitu cha kumfungia mgeni anapoondoka, na cha kumpelekea binti aliyeolewa mbali. Matobolwa yalikuwa peremende za watoto kabla ya peremende za dukani. Wahenga walisema, "Mkono mtupu haulambwi." Mtu aliyekwenda kuwaona wakwe hakuweza kwenda mikono mitupu, na mke aliyejua kazi hakuona haya, kwa kuwa alikuwa na kitu chake.

Msomaji atauliza: jembe nalo halikuwa zawadi, tena ya mahari? Ni kweli. Lakini aliyelitoa hakulifua yeye; alilinunua kwa Mrongo. Basi lilipokuja jembe la bei nafuu zaidi, mtoaji hakupoteza kitu; alibadili duka tu. Nguo ya mfumaji nayo ilikuwa hivyo hivyo. Lakini mama aliyemfungia mwanawe michembe, akiibadili kwa mkate wa kununua, hujua moyoni mwake kwamba kuna kitu kimepungua. Kwa hiyo aliendelea kuanika, na binti yake aliendelea kumtazama, na kwa kutazama akajifunza. Vitu viwili hivi, mtu wa kupewa na mtoto wa kutazama, ndivyo vilivyohifadhi kazi ya mikono katika nchi yetu. Kikikosekana kimoja, kazi hudhoofika. Vikikosekana vyote viwili, hufa.

Tena si jambo la furaha na adabu peke yake. Historia yaonyesha kwamba zilikuja nyakati ambapo duka lilifungwa au rafu zake zilikuwa tupu, na hapo watu waliishi kwa yale waliyoyajua. Karibu na mwaka 1891 ugonjwa wa sotoka ulifika Usukuma ukaua ng'ombe wengi mno. Maziwa yalikwisha, samli ikakosekana, ngozi zikawa chache. Nyumba iliyokuwa na chakula kikavu ghalani ndiyo iliyokuwa na la kutegemea.

Kisha ikaja Vita Kuu ya kwanza. Manowari za Waingereza zilizuia meli zisiingie Afrika ya Mashariki ya Wadachi, na bidhaa za Ulaya zikakoma. Watawala wenyewe wakatindikiwa. Jemadari wao, Paul von Lettow-Vorbeck, ameeleza katika kumbukumbu zake jinsi walivyorudia kusokota uzi na kufuma nguo, kutengeneza mishumaa na sabuni, na kushona viatu kwa ngozi za nchi. Wataalamu wa chuo cha Amani, katika milima ya Usambara, walitumwa kutafuta vitu vya badala. Tazameni mzunguko wa mambo: mfumaji aliyeshindwa na nguo ya meli akatafutwa tena wakati meli zilipokosekana. Waingereza waliuteka mji wa Mwanza mwezi wa Julai 1916, na baada ya vita bidhaa zikarudi, na mfumaji akasahauliwa mara ya pili.

Katika vita ya pili, tangu 1939 mpaka 1945, meli zilikuwa na kazi ya kuchukua askari na silaha, na nguo zikawa adimu tena madukani. Baadaye, mwishoni mwa 1978, ikaanza vita ya Kagera ng'ambo ya ziwa letu. Vita ilikwisha 1979, lakini gharama zake, pamoja na bei kubwa ya mafuta ulimwenguni, ziliiacha nchi bila fedha za kigeni. Wazee wetu waikumbuka vema miaka ile mpaka 1984. Sabuni haikupatikana, sukari haikupatikana, mafuta ya kupikia yalipangiwa foleni. Mwaka 1983 serikali iliwasaka walanguzi na wahujumu wa uchumi, na mwaka 1984 milango ya biashara ikaanza kufunguliwa. Katika siku zile watu walipika sabuni nyumbani kwa majivu na mafuta ya wanyama; wengine walifua kwa majani ya mpapai. Aliyekuwa amemwona bibi yake akichuja maji ya majivu alikuwa na pa kuanzia, na majirani wakaja kwake kuuliza.

Mfano wa mwisho ni wa juzi tu. Tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku katika Tanzania bara. Watu wengi walinunua mifuko mingine ya kiwandani, lakini kikapu nacho kilirudi sokoni, na waliokuwa wakijua kusuka walipata fedha. Kama ujuzi ule ungalikuwa umekwisha kufa, hata amri ya serikali isingaliweza kuufufua kwa siku moja. "Usiache mbachao kwa msala upitao," ndivyo wasemavyo watu wa pwani, nao wasema kweli.

Lakini ni lazima nitaje na hasara ambayo haikutokana na uvivu wetu. Zamani samaki wadogo waitwao furu walikuwa wengi sana katika ghuba ya Mwanza, wa aina nyingi. Walikaushwa juani, wakawa kitoweo cha maskini na zawadi ya watu wa pwani ya ziwa kwa ndugu zao wa bara. Katika miaka ya 1950 na mwanzo wa 1960 samaki mkubwa aitwaye sangara alitiwa ziwani kutoka maziwa mengine, na kufika katikati ya miaka ya 1980 alikuwa ameenea katika ghuba yetu na furu wamepungua mno. Aina nyingi zao hazionekani tena. Sangara ameleta viwanda na fedha, na hilo tusilikane. Lakini samaki yule huwa mkubwa mno, mafuta yake ni mengi, na hakaushwi juani kwa urahisi kama furu. Hivyo zawadi moja ya nyumbani ilikatika kwa sababu kitu chenyewe kilitoweka. Anikeni dagaa, kwa maana hao wangalipo, lakini mjue kwamba kazi ya mikono haiwezi kuishi bila nchi na maji yaliyotunzwa.

Wako watu waliouona msiba huu mapema. Katika Ukerewe aliishi Aniceti Kitereza, aliyezaliwa mwaka 1896 akafariki 1981. Mwaka 1945 alimaliza kuandika kwa Kikerewe kitabu kirefu juu ya Bwana Myombekere na mkewe Bugonoka. Ndani yake ameeleza kilimo, uvuvi, mapishi, ujenzi na zawadi wanazopeana wakwe, kwa uangalifu mkubwa, ili vijana wasisahau. Kitabu kilisubiri miaka thelathini na mitano. Kilichapwa kwa Kiswahili mwaka 1980. Pale Bujora, karibu na Kisesa, Padre David Clement naye alianzisha nyumba ya makumbusho ya Wasukuma, ambamo mtu aweza kuona ngoma, vyombo na zana za kale. Kazi za watu hawa ni za thamani. Lakini kitabu na makumbusho huhifadhi umbo la kitu. Mkono wa mtoto ndio uhifadhio ujuzi wake.

Basi, ili maneno haya yasiwe ya kusomwa tu, nataka kueleza vitu vichache ambavyo nyumba yo yote yaweza kuvifanya kwa gharama ndogo, na watoto wakiwa karibu.

Cha kwanza ni matobolwa. Chukueni viazi vitamu visivyotobolewa na wadudu, mvioshe, mvichemshe na maganda yake mpaka viive lakini visipondeke. Vikipoa, mvimenye, mvikate vipande vya unene wa kidole, mvianike juu ya jiwe safi au mkeka, mkivigeuza kila siku na kuviingiza ndani usiku, visipate umande. Vikiwa vigumu na vya kutafunika, wekeni katika chombo kikavu chenye kifuniko. Huliwa na karanga za kukaanga au maziwa ya mgando. Fungu dogo lililofungwa katika kitambaa safi ni zawadi isiyomwaibisha mtu.

Cha pili ni kashata za karanga, ambazo tumejifunza kwa watu wa pwani. Kaangeni karanga vikombe viwili, mziondoe maganda. Yeyusheni sukari kikombe kimoja juu ya moto mdogo, mkikoroga bila kuacha, mpaka iwe rangi ya asali. Tieni karanga, na iliki iliyosagwa kama ipo, mchanganye upesi, kisha mmimine juu ya ubao uliopakwa mafuta, mkate vipande kabla havijapoa. Sukari ya moto huunguza vibaya. Mtoto atazame, asiguse.

Cha tatu ni sabuni ya majivu. Tobolea chungu kikuukuu matundu chini, tandika nyasi, jaza majivu ya kuni ngumu au ya maganda ya ndizi, mimina maji kidogo kidogo, na yale yanayodondoka yakinge katika chombo cha udongo. Chemsha maji hayo mpaka yai bichi likitiwa lielee. Halafu pika pamoja na mafuta ya ng'ombe kwa moto mdogo saa kadha, ukikoroga, mpaka yashikane kama uji mzito. Sabuni hii ni laini. Ukitia chumvi huwa ngumu zaidi. Lakini angalieni: maji ya majivu huunguza macho na ngozi, nayo huila sufuria ya alumini. Tumieni chungu, na watoto wadogo wakae mbali.

Cha nne ni vitu vya watoto: mwanasesere wa gunzi la mhindi aliyevikwa kipande cha nguo, mpira wa matambara uliofungwa kwa kamba ya katani, gari la waya lenye magurudumu ya vifuniko vya chupa. Mtoto aliyetengenezewa kitu mbele ya macho yake hujua namna ya kukitengeneza kikiharibika. Wavulana nao wafundishwe kazi hizi pamoja na dada zao, kwa maana si haki kumwachia mama kila kazi ya jioni naye ameshinda sokoni au shambani.

Jambo moja limebaki, nalo ndilo laniuma. Siku hizi sikukuu zikikaribia, baba mwenye mapato madogo hukopa ili anunue zawadi dukani, naye huona haya kupeleka kikapu cha michembe harusini, asije akachekwa. Hivyo deni huingia nyumbani mwezi wa Desemba, na mwezi wa Januari madaftari ya watoto hukosa fedha. Haya hiyo haina msingi katika historia yetu. Babu zetu waliheshimiana kwa vitu vya mikono yao, na wahenga walisema, "Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri." Aliyeletewa michembe na dada yake anajua ya kwamba dada yake aliinama chini ya jua siku nyingi kwa ajili yake, aliyeletewa sahani ya dukani ajua bei yake tu.

Kwa hiyo ombi langu kwenu, ndugu zangu wa Mkuyuni na wa vijiji vyote vya ukingo wa ziwa, ni dogo. Kila nyumba ichague kitu kimoja tu ambacho bibi au babu bado aweza kukifanya, na kabla mwaka haujaisha mtoto mmoja awe amekifanya kwa mkono wake na kumpelekea mtu. Walio na wazee wazima wasikawie, kwa sababu mfumaji wa mwisho wa nchi hii naye alikuwa na wajukuu waliomzunguka, wala hapana aliyemwomba awafundishe.